Harage Puani, Mtihani Asubuhi

Msichana wa kazi akiaga, huaga wiki ya mtihani. Sijakutana na mama anayesoma udaktari ambaye hili halijamfika, na siwalaumu mabinti hao hata kidogo, maana nao wana mama zao, wadogo zao na misiba yao. Binti aliyekuwa akitulelea watoto alipigiwa simu usiku wa Jumapili akaambiwa mama yake kalazwa. Alfajiri tulikuwa tumeshampa nauli na fedha ya matunda ya mgonjwa, baba watoto akamsindikiza hadi Kituo cha Magufuli kule Mbezi, akapanda basi. Nikabaki na binti wa miaka mitano, mvulana wa miaka miwili na nusu, na mtihani wa kumaliza rotesheni ya magonjwa ya watoto uliopangwa Alhamisi asubuhi.

Udaktari wa binadamu hapa Tanzania ni miaka 5 ya masomo na mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitalini kama intani. Miaka ya mwanzo ni ya anatomia, fiziolojia na biokemia, kisha mwanafunzi anahamia wodini, anazunguka idara kwa idara: magonjwa ya ndani, upasuaji, uzazi, watoto. Kila idara ina raundi zake za asubuhi, kolu zake, yaani zamu za usiku, na mtihani wake. Ukifeli, unapiga supu, yaani mtihani wa marudio. Ukifeli na supu, unarudia mwaka au unadisko, yaani unaondolewa chuoni. Kwa mwenzangu asiye na mtoto, supu ni likizo iliyoharibika. Kwangu mimi supu ni kumtafuta upya mtu wa kukaa na watoto, kumwomba upya baba yao ruhusa kazini, na kuwaeleza upya kwa nini mama haonekani mpaka usiku.

Kwa hiyo asubuhi ya Jumatatu tulimpigia simu mama mkwe, Lushoto. Hakuuliza maswali. Alisema tu, "Nakuja, mwanangu. Wewe soma."

Kabla hajafika, niseme kidogo nyumba aliyokuwa anaijia ilikuwa nyumba ya namna gani. Nilipokuwa mwaka wa kwanza niliazima fuvu la plastiki kwa mwenzangu wa darasani, nikalifunga kwenye kanga na kulisukuma uvunguni mwa kitanda ili binti yangu asilichezee. Binti tuliyekuwa naye wakati huo alipofagia uvunguni, ufagio ukalivuta nje. Kelele alizopiga ziliwaleta majirani wa uani wote, na mmoja alikuwa ameshatoka mbio kumwita mjumbe. Nililiweka fuvu lile juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya uwanja, nikafungua kifuniko cha juu, nikawaonyesha springi zinazoshika taya na muhuri wa kiwandani, kisha nikaanza kuwatajia mifupa mmoja mmoja. Watoto ndio waliotangulia kusogea. Baada ya muda kila mmoja alitaka zamu ya kufungua taya na kulifunga, na mama mmoja aliniuliza meno ya magego yanaota lini kwa sababu mwanawe alikuwa akisumbuliwa na fizi. Nilifurahi sana siku ile. Binti wa kazi, hata hivyo, aliondoka jioni ileile, na hakuna maelezo yaliyoweza kumzuia.

Mwanangu wa kiume alizaliwa nikiwa mwaka wa pili. Amepewa jina la babu yake mzaa baba, hivyo sisi humwita Babu, na bibi yake humwita mume wangu. Nilirudi darasani angali mchanga kabisa. Kwenye mhadhara tulifundishwa kwamba mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, asipewe hata maji, na kwamba Shirika la Afya Duniani limesimamia miezi hiyo 6 tangu mwaka 2001. Niliiandika sentensi hiyo huku maziwa yakinichuruzika chini ya koti jeupe. Baada ya kipindi nilikwenda kuyakamua chooni, kwa mkono, kwenye kikombe chenye kifuniko, kwa kuwa hapakuwa na chumba kingine chenye mlango unaofungika. Maziwa yaliyokamuliwa yanaweza kukaa nje ya jokofu kwa saa 4 hivi, iwapo joto halizidi nyuzi 25. Dar es Salaam mwezi wa pili, nyuzi 25 ni joto la alfajiri. Yupo rafiki yangu aliyekuwa akiniletea barafu kutoka hosteli, kwenye chupa ya chai, kila siku yenye vipindi vya mchana. Bila barafu ile sijui Babu angefikaje miezi 6. Nyumbani alinyweshwa kwa kikombe, kama tunavyowafundisha kina mama wodini, na alijua kunywa kwa kikombe kabla hajajua kukaa.

Basi Jumanne jioni mama mkwe akashuka na mapeasi, majani ya chai, na nusu gunia la maharage mapya. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Umekonda." Aliingia jikoni hata kabla ya kuvua viatu vizuri, na usiku ule, kwa mara ya kwanza wiki hiyo, nilisoma mpaka macho yakachoka kwa kusoma na si kwa kazi nyingine.

Jumatano baada ya magharibi nilikuwa chumbani na daftari langu la utapiamlo. Baba watoto alikuwa bado ghalani, walikuwa wakihesabu mali ya mwisho wa mwezi. Ukumbini bibi alikuwa ameweka ungo mapajani akichambua maharage, wajukuu wakimsaidia: hili zuri, hili bovu, hili jiwe. Nilikuwa nikiwasikia na moyo wangu umetulia. Kisha nikasikia ukimya, na mzazi yeyote anajua ukimya wa mtoto wa miaka miwili una maana gani. Baada ya hapo sauti ya Dada, yule binti yangu wa miaka mitano: "Mama, Babu ameweka harage puani."

Nilipofika, bibi alikuwa ameshafungua kikopo chake cha ugoro. "Anuse kidogo tu, apige chafya, litatoka." Nilimshika mkono. "Hapana, mama. Akishtuka akavuta pumzi, linaweza kuingia ndani zaidi." "Basi tumtie maji." "Wala maji, mama. Harage likilowa linavimba." Alinitazama, akakifunga kikopo. Namshukuru kwa hilo hadi leo, kwa sababu ana wajukuu wengi na amewalea wote, na mimi nilikuwa mwanafunzi tu.

Niliwasha tochi ya simu. Harage lilikuwa tundu la kulia, ngozi yake nyekundu iking'aa, limekaa mahali ambapo kibanio kingelisukuma badala ya kulitoa. Niliweka sikio kifuani kwake: pumzi inaingia sawasawa pande zote, hakuna mluzi, hakohoi. Palikuwa na nafasi ya kujaribu jambo moja kabla ya kukimbilia hospitali, nalo tulikuwa tumelisoma. Mwaka 1965 daktari mmoja wa Marekani, Vladimir Ctibor, aliieleza njia inayoitwa busu la mama. Mzazi anaziba kwa kidole tundu la pua lisilo na kitu, anafunika mdomo wa mtoto kwa mdomo wake, kisha anapuliza pumzi moja fupi ya ghafla. Koo la mtoto hujifunga kulinda mapafu, hewa inakosa njia ya kwenda isipokuwa juu, inatokea puani na kukisukuma kile kitu nje. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa Kanada mwaka 2012 yalionyesha kwamba hufanikiwa kwa watoto takriban 6 kati ya 10. Haihitaji chuma wala dawa ya usingizi, na mtoto haogopi busu.

Babu aliogopa. Aliiona tochi, akaona uso wangu wa wodini, akakumbuka sindano. Kila nikimkaribia alijikunja na kulia, na kilio ndicho kinachovuta kitu ndani. Nikaona si mimi wa kuifanya kazi hii. "Mama," nikamwambia mkwe wangu, "atakukubali wewe." Nikamweleza, naye akarudia kila hatua kwa sauti kama anayepokea maagizo ya dawa. Akamweka mjukuu mapajani. "Njoo, mume wangu, njoo nikubusu." Babu akanyamaza, akainua uso. Bibi akaziba tundu la kushoto, akapuliza. Mara ya kwanza ilitoka kamasi. Mara ya pili harage likaruka na kumpiga bibi shavuni.

Tulicheka sote, bibi machozi yakimtoka. Babu alidai abusiwe tena. Nikaanza kumkagua tundu la pili na masikio yote, kwa sababu tumefundishwa kwamba mtoto aliyeingiza kimoja huenda ameingiza viwili, na kabla sijainua tochi Dada akasema, taratibu, kama mtu anayekamilisha taarifa: "Na lile la sikioni?"

La sikioni halina busu. Lilikuwa ndani, na hapa pia maji hayaruhusiwi. Kujaribu kwa pini au kijiti cha pamba ni kulisogeza kwenye ngoma ya sikio. Nilimbeba Babu, bibi akachukua kanga mbili, Dada akabaki kwa jirani, yule yule aliyetaka kumwita mjumbe enzi za fuvu. Hospitalini tulikaa benchi hadi usiku mwingi. Sikukereka, kwa kuwa mbele yetu palikuwa na mtoto wa degedege na mwingine anayehema kwa shida, na harage sikioni linaweza kusubiri. Angekuwa ameingiza betri ile ndogo ya duara, ya saa au ya rimoti, ningedai tupishwe mbele ya foleni, maana betri huunguza nyama ya pua au sikio ndani ya saa chache. Hilo kila mzazi alijue, asomaye udaktari na asiyesoma.

Zamu yetu ilipofika bibi alimviringisha mjukuu kwenye kanga, mikono ndani, kichwa kifuani kwake, na daktari akaniambia hajapata kuona mtoto aliyefungwa vizuri hivyo. Kwa taa ya kichwani na kindoano kisicho na ncha kali alilitoa lile harage zima. Bibi aliliomba. Akalifunga kwenye pindo la kanga.

Baba watoto alitukuta nyumbani tukila wali kwa maharage hayo hayo. Nililala kidogo sana.

Asubuhi, kwenye mtihani, nilipewa mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyekonda, akilia tangu aliponiona na koti. Mtahini alitaka nipime mzunguko wa mkono. Mwenzangu aliyetangulia alikuwa amehangaika na kilio hicho mpaka muda ukamwishia. Mimi nilimpa mtoto utepe aushike mwenyewe, nikamwacha auzungushe kwenye mkono wa mama yake, kisha kwenye wangu, kisha ndipo wake. Ilikuwa sentimita 11.2. Chini ya 11.5, kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, ni utapiamlo mkali, na nikaeleza yanayofuata. Mtahini aliponiuliza kuhusu chanjo sikuhitaji kukumbuka daftari, niliona kadi ya kliniki ya Babu mbele ya macho: kifua kikuu na matone ya polio anapozaliwa, pentavalenti na nimonia wiki ya 6, ya 10 na ya 14, surua na rubela miezi 9 na tena miezi 18. Mtoto yule kwenye kadi yake alikuwa na ya miezi 9 tu. Nilimwambia mama yake, kwa lugha ya mama kwa mama, apitie chumba cha chanjo kabla hawajatoka wodini. Nilifaulu ile rotesheni, na nina hakika kwamba watoto wangu walinifaulisha.

Nasema hivi kwa sababu nimesikia mara nyingi, kwa wakubwa na kwa wenzangu, kwamba mwanamke achague: ama azae, ama awe daktari. Anayesema hivyo hajui ni nani anayeingia wodini akiwa ameshajua uzito wa mtoto anayechemka homa usiku wa manane. Mama hana upungufu wa akili wala wa bidii. Anachokosa ni mlango unaofungika na ratiba anayoweza kuijua mapema.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa aliyejifungua siku 84 za likizo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Muuguzi ninayesimama naye wodini anazo saa hizo. Mimi niliyesimama kando yake nikiwafundisha wazazi faida ya maziwa ya mama sikuwa nazo, kwa kuwa mwanafunzi si mwajiriwa. Nawaomba wakuu wa vyuo vya afya: wapeni wanafunzi wanaonyonyesha saa zile zile 2, chumba kimoja chenye kitasa, sinki na jokofu, na orodha ya kolu ibandikwe mwanzo wa rotesheni, isiwe jioni ya siku yenyewe. Hayo hayangoji bajeti ya taifa, mnaweza kuyaanza muhula ujao.