Skyrim Tena, Safari Hii Bila Kufuli

Tarehe 29 Septemba 2022 Skyrim iliingia kwenye duka la gemu la mtandaoni la GOG, na waliofurahi kuliko wote ni wale waliokuwa nayo tayari.

Mimi nimo. Gemu hiyo ilitoka tarehe 11 Novemba 2011, na tangu hapo watengenezaji wake, Bethesda, hawajapumzika kuiuza: ya kompyuta, ya PlayStation, ya Xbox, ya Nintendo Switch, ya kuvaa miwani usoni, na toleo la mwaka 2016 lililong'arishwa picha, halafu la kusherehekea miaka kumi. Mwaka 2018 walitangaza hata toleo la kuzungumza na spika ya Alexa. Walikuwa wanajitania wenyewe, lakini ukilijaribu lilikuwa linafanya kazi. Kwenye baraza letu la wacheza gemu, aliyeinunua mara moja tu huhesabiwa mgeni. Habari ya GOG ilipofika, mwenzetu mmoja mwenye maktaba iliyojaa gemu asizowahi kuzifungua alikuwa wa kwanza kulipa. Hadi leo hajaisakinisha. Anasema ya GOG haiozi, kwa hiyo haraka ya nini.

Kisa cha furaha yote hiyo ni kufuli. Gemu nyingi za kompyuta siku hizi hazikuamini hata ukishalipa. Ukitaka kucheza, sharti programu ya duka ifunguke, ikutambue, ipige hodi kwenye seva ya mbali, na seva ikiridhika ndipo uingie. GOG hawana hayo. Ukilipa unapewa mafaili ya kusakinishia, unayahifadhi unakotaka, na hata kompyuta isiyojua intaneti ni nini itayapokea. Kwa sisi tunaoishi kwa bando, ahadi hiyo inatoa machozi.

Nikamweleza mke wangu.

“Si ndiyo ile ya yule bwana mwenye pembe?” akauliza.

“Ndiyo hiyo.”

“Si unayo, baba watoto?”

“Ninayo, lakini si yangu.”

Akaacha kukunja nguo. Akauliza ni ya nani. Nikamwambia kwamba kule nilikoinunua kwanza nilipewa ruhusa tu ya kuicheza, na ruhusa huondolewa. Akataka kujua hela niliyotoa ilikuwa ya nini, basi. Hapo mazungumzo yakafa. Mwaka 2024 Ubisoft walizima seva za The Crew, gemu yao ya magari, na waliolipia wakabaki na kasha tupu mkononi. Mwaka huohuo jimbo la California likapitisha sheria ya kuwataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali wamweleze mteja bayana kwamba anachopata ni leseni. Mke wangu alikuwa amefika huko miaka miwili kabla, tena huku nguo zikimsubiri.

Malipo nayapita upesi. Muamala ulizuiwa, na dada wa huduma kwa wateja akanipigia kuuliza kama ni mimi ninayenunua kitu nje ya nchi, na kitu chenyewe ni nini. Nikasema Skyrim. Akanyamaza akiandika, kisha akauliza kwa upole kama ni ya uso au ya mwili mzima.

Kazi ilikuwa kwenye kupakua. Gemu isiyohitaji intaneti kuchezwa inaihitaji kwelikweli ili ifike nyumbani. GOG huzikata gemu kubwa vipande visivyozidi gigabaiti 4, jambo la busara, maana flashi zilizoumbizwa kwa mtindo wa zamani wa FAT32 hazipokei faili kubwa kuliko hapo. Ila vipande hivyo kimoja kimoja havina maana. Viwepo vyote, ndani ya folda moja, la sivyo kisakinishi kinagoma. Nikajiunga kifurushi cha usiku, nikaiweka laptopu mbele ya feni, nikalala. Saa nane luku ikaisha. Feni ikazima, ruta ikazima, mke wangu akaamka kwa joto, akauliza kama yule bwana wa pembe ameshafika.

Alifika, kipande baada ya kipande, na vyote nikavihifadhi kwenye eksteno. Mpwa wangu akaiazima kwa jioni moja tu. Iliporudi, kisakinishi kikaniambia hakioni kipande cha pili. Nikamwita.

“Mjomba, lile faili lilikuwa kubwa halafu halifunguki,” akasema bila wasiwasi. “Nikajua virusi, nikakusaidia.”

Pale kilipokuwa kipande cha pili palikaa tamthilia ya Kikorea, msimu mzima, iliyotafsiriwa na DJ.

Bando lilikuwa limekwisha, kwa hiyo nikabeba laptopu na eksteno hadi Kariakoo, kwa fundi mwenye intaneti ya waya, nishushe kile kilichopungua.

“Skyrim?” akasema. “Ninayo hapa, bosi. Dakika tano nakuwekea.”

“Hapana, nataka nimalizie yangu. Nimelipia.”

“Umelipia?”

“Nimelipia.”

“Sawa. Na kreki yake unayo?”

“Haihitaji kreki. Haina kufuli.”

Akainua kichwa kutoka kwenye simu aliyokuwa anaifungua kioo. “Haina kufuli. Ya kwangu nayo haina kufuli. Sasa tofauti yake na hii ya kwangu ni nini?”

Nikamwambia nina risiti. Akamwita jirani yake anayeuza chaja aje amwone mtu mwenye risiti ya Skyrim. Jirani akaja. Akaomba kuiona. Nikaifungua kwenye barua pepe, wakaisoma yote mpaka chini, na yule wa chaja akanipa mkono.

Kinachochekesha ni kwamba fundi huyo na waasisi wa GOG wangeelewana vizuri mno. Marcin Iwiński na Michał Kiciński walianzia kwenye magulio ya kompyuta ya Warsaw, wakiwa vijana, wakiuza gemu zilizotoka nje katika nchi ambayo gemu ya kughushi ilikuwa ndiyo gemu. Mwaka 1994 wakaanzisha kampuni ya CD Projekt. Mwaka 1999 walipoleta Baldur's Gate kwa Kipolandi, mshindani wao alikuwa mtu wa meza ya pembeni mwenye CD za bei ya kutupa, na mtu huyo hakuna kufuli lililowahi kumzuia. Basi badala ya kutegemea kufuli, wakajaza sanduku: ramani, CD ya muziki, sauti za waigizaji mashuhuri wa kwao. Wateja wakalipa kwa sababu chenye thamani kilikuwa kwao, si kwenye ile meza. GOG ilipofunguliwa mwaka 2008 ilikuwa na fikra ileile, na sioni palipo na kosa. Mwaka 2011, The Witcher 2 yao wenyewe ilitoka madukani ikiwa na kufuli na GOG ikiwa haina. Siku chache baadaye wakaliondoa kwa sasisho, kwa kuwa waliokuwa wanateseka nalo ni walionunua tu. Mwizi huwa keshalivunja. Anayebaki mlangoni anapapasa funguo ni mwenye nyumba.

Wateja wa duka la namna hii nao si watu wa kuchezea. Septemba 2010 tovuti ya GOG ilitoweka, pakabaki tangazo la kuaga. Watu wakalia, hasa waliokuwa hawajapakua walichokilipia. Siku chache baadaye ikabainika ni mbinu ya kutangaza muundo mpya wa duka na kuwasili kwa Baldur's Gate, na wakubwa wakajitokeza wamevaa majoho ya watawa kuomba radhi. Hasira ya mwaka 2021 haikutibika kwa joho. GOG waliweka Hitman, wateja wakagundua kwamba bila intaneti sehemu kubwa ya zawadi na silaha hazifunguki, wakamimina nyota moja moja mpaka mwezi uliofuata gemu ikaondolewa. Mimi niliwaunga mkono, ingawa Hitman sijawahi kuicheza na sina mpango.

Tuendelee na yangu. Kipande cha pili kilipatikana, Skyrim ikasakinishwa, na raha ikadumu mpaka nilipokumbuka modi, zile nyongeza za mashabiki. Skyrim bila modi ni chakula cha hospitali. Ninayo niliyoizoea inayowageuza madragoni wote kuwa Thomas, yule treni mwenye uso: anashuka kutoka mawinguni akipiga honi, unamrushia mishale. Tatizo ni kwamba modi nyingi nzito zinategemea programu ya watu wa kujitolea iitwayo SKSE, nayo inashikamana na toleo mahususi la gemu. Ya GOG ilihitaji SKSE yake yenyewe. Jioni nzima ikaishia kwenye mafolda, nikilinganisha namba za matoleo, na treni hakuja.

Hatimaye nikazima data makusudi, nikachomoa ruta, nikabonyeza. Ikafunguka. Ule mkokoteni wa wafungwa, zile theluji, vyote vipo, na hakuna seva iliyoombwa ruhusa. Nikamwita mke wangu aje ashuhudie gemu inavyofunguka bila intaneti.

“Na redio yangu hufunguka bila intaneti,” akasema, akarudi jikoni.

Nikakaa na kumchonga mhusika wangu. Pua ilinichukua muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Nilipomaliza tu, kabla hata hajafikishwa kwa mkata vichwa, nikasikia mtu kasimama nyuma yangu. Ni mpwa, na flashi mkononi. Rafiki zake wa mtaani wamesikia, wanaiomba.

Hapa ndipo ahadi ya GOG ilipo ngumu. Hakuna kitu cha kuzuia. Akinakili ile folda, itafanya kazi kwa rafiki yake vilevile inavyofanya kazi kwangu. Kinachomzuia ni masharti ya duka, ambayo hajayasoma, na mimi, ambaye aliwahi kunifutia kipande. Nikamwambia hapana. Akaniuliza kama kweli nitanyima watoto gemu ya mwaka 2011. Nikasema ndiyo. Amewaambia mtaa mzima kwamba mjomba wake ni bahili mwenye risiti.

Na iwe hivyo. Skyrim hushushwa bei mara kwa mara pale GOG. Anayeitaka asubiri punguzo, alipie, ashushe vipande vyote, na eksteno anunue yake.