Mbwa wa Mgeni
Desemba inapowadia, Wapare waishio Dar es Salaam hurejea milimani kupitia Same, na baadhi yao hufuatana na rafiki ambaye naye hufuatana na mbwa wawili, ambao mwenyewe huapa kuwa hawana neno, ilhali mmoja amekwisha kutumbukiza pua katika sufuria ya makande, yaani mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja, na mwenzake amejinyoosha kwenye kochi la babu, hata babu akahamia kigodani. Chini ya milima hiyo, katika Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, ambako mradi wa mhifadhi wanyamapori Tony Fitzjohn ulianza kuwazalisha mbwa mwitu mwaka 1995 ili waachiwe porini, wanyama hao, wasioitwa kwa jina wala kununuliwa mikanda ya shingo, huwaachia watoto wao kula windo kwanza, na wakubwa husubiri. Kwa kuwa ustaarabu haumruhusu mwenyeji kumkemea mgeni, sembuse mbwa wa mgeni, yeye huuliza tu, kwa upole, iwapo barabara ya kushuka Same itapitika mvua zikizidi.