Mlinzi wa Ulimwengu kwa Dola 25

Mwaka 1949 televisheni ya DuMont, New York, ilianza kuwarushia watoto mubashara vituko vya Captain Video, mlinzi wa ulimwengu wa karne zijazo. Bajeti ya vifaa, yasimuliwa, ilikuwa dola 25 kwa wiki; ulimwengu ulikuwa rahisi kuokoa siku hizo. Mitambo ya kutisha iliungwaungwa kwa vikorokoro. Kisha hatari ikipamba moto, Kapteni aliwasha kioo chake kuwachungulia maajenti wake duniani, na lo! wachunga ng'ombe juu ya farasi wakifyatuliana bastola: vipande vya filamu kuukuu. Vilijaza muda. Leo studio zinateketeza mamilioni kwa sayari moja, tena isiyo na farasi hata mmoja.