Dodoma hadi Ngosi, Kupitia kwa Shangazi

Kwenye ramani, safari ya kutoka Dodoma hadi Ziwa Ngosi haina neno. Unaziacha zabibu za Mpunguzi, unashuka Mtera, unapanda Nyang'oro, unaingia Iringa. Halafu Mafinga, Makambako, Igawa, mpaka Uyole, ambako unakata kushoto kama unayekwenda Tukuyu. Karibu njia nzima ni lami. Mtu akikwambia kwamba kinachochelewesha safari nchi hii ni barabara, ujue hajawahi kusafiri na ndugu zake.

Nane Nane ya mwaka 2022 iliangukia Jumatatu, kwa hiyo tulikuwa na wikiendi ndefu na hamu ya kuona mahali penye baridi. Kuna kundi la WhatsApp lililoundwa kwa ajili ya mipango. Dereva alikuwa shemeji yangu, ambaye ndiye mwenye Noah na ni Msabato wa kweli: jua la Ijumaa likizama, hashiki usukani mpaka lizame la Jumamosi. Shangazi naye ni Mkatoliki, hataki kusikia habari ya Jumapili isiyo na misa. Binamu hana masharti ya dini, yeye anataka picha tu.

Nikapiga hesabu. Dodoma hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 250, Iringa hadi Mbeya zaidi ya 300. Tukiondoka Ijumaa saa kumi na moja alfajiri, jua litazama tukiwa tumeshaoga na kula. Nikaituma ratiba kwenye kundi, watu wakaweka vidole gumba, na nina hakika hakuna aliyeisoma.

Saa kumi na moja hiyo shangazi alikuwa bado anachambua karanga za kupeleka. Habari kwamba kuna gari linakwenda Mbeya ilikuwa imeshazunguka mtaa mzima. Alikuja jirani na kifurushi cha ubuyu. Akaja mwingine na godoro la mtoto wake anayesoma Mafinga, "kwa kuwa mnapita palepale." Ratiba yangu haikuwa na kipengele cha godoro. Tuliondoka saa nne.

Na saa nne na nusu tukasimama tena. Zabibu ilifika Dodoma na wamisionari, ikaukuta ukame na jua lisilo na huruma, ikapenda, na leo mkulima anavuna mara mbili kwa mwaka. Agosti ni msimu. Pembeni mwa barabara ya Iringa zilikuwa zimepangwa kwenye mabeseni, nyeusi, zimejaa vumbi na utamu. Binamu akapiga picha. Shangazi akapita mabeseni yote, akaenda moja kwa moja kwa mama mmoja mwenye dumu la lita tano.

"Mvinyo?" akauliza shemeji kutoka kwenye usukani.

"Juisi," akajibu shangazi.

"Juisi kabisa," akasema yule mama. "Nimekamua juzi tu."

Hilo neno "juzi" lilistahili kujadiliwa, lakini gari lilikuwa limeshawashwa. Dumu likafungwa kifuniko kwa nguvu zote, likawekwa kiti cha nyuma juu ya godoro, upande wa jua.

Mtera kuna joto. Dodoma mjini uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, bwawani unakuwa umeshuka hadi karibu mita 700, na unajua umeshuka kwa sababu shati linakuambia. Uzuri wa Mtera ni samaki. Kabla gari halijasimama, dirisha limeshajaa sinia za perege wa kukaanga, na kila muuzaji ana perege aliye bora kuliko wa mwenzake kwa sababu asizoweza kuzitaja. Shangazi hanunui kitu kwa bei ya kwanza, wala ya pili. Alishuka, akabinya samaki, akauliza wamekaangwa saa ngapi, akauliza na mafuta gani, akaondoka kwa hasira, akaitwa, akarudi. Sisi tulikuwa kivulini. Dumu lilikuwa juani.

Niliposikia mlio kwenye kona za Nyang'oro nilidhani ni tairi. Shemeji alidhani ni tairi pia, akakanyaga breki. Kifuniko kilipiga dari, kikamgonga binamu kisogoni, na lita karibu zote tano zikapanda juu kisha zikashuka zikitafuta watu. Dari, viti, shati langu jeupe, perege, kila kitu zambarau. Shangazi alijipangusa uso kwa upande wa khanga, akaonja kidole, akatikisa kichwa. "Kumbe imeshakuwa mvinyo," akasema, bila majuto yoyote.

Shemeji akataka afike Iringa upesi aoshe gari kabla Sabato haijaingia. Hapo ndipo tulipokutana na tochi. Kibao kilisema 50, trafiki akasema 67. Mpaka hapo sina ugomvi, faini ni shilingi 30,000, unapewa kontroli namba unalipa. Lakini shemeji aliposhusha kioo, trafiki akarudi nyuma hatua moja. Harufu iliyotoka mle ndani hata baa ya mwisho wa mwezi haina.

"Dereva, umekunywa?"

"Mimi ni Msabato, afande."

"Sijakuuliza dini."

Kikaletwa kipima ulevi. Shemeji akapuliza: sifuri. Trafiki akakitazama kile kifaa, akakigonga kwenye kiganja, akampulizisha tena. Sifuri. Akainama akachungulia nyuma, akamwona mzee wa watu amelowa kuanzia kilemba, mkononi ameshika mkia wa perege.

"Mama, na wewe?"

"Mimi siendeshi, mwanangu," akasema shangazi, na hilo halikuwa na jibu kisheria.

Iringa tuliingia jua likiwa limebakiza kiganja. Mbeya ikawa imekufa kwa siku hiyo na kwa kesho yake. Jumamosi shemeji alikwenda kanisani akinuka kidogo, sisi tukakodi teksi hadi Isimila, ambako mvua za karne nyingi zimechonga udongo ukawa nguzo ndefu kupita nyumba. Yanaonyeshwa pia mashoka ya mawe ya watu wa kale. Shangazi alijaribu makali ya moja kwa kidole gumba, akasema kisu chake cha jikoni hakifiki hapo.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, tulipita misitu ya misonobari ya Sao Hill na kulishusha godoro Mafinga. Mtoto alilipokea akaulizia pesa ya matumizi.

Sasa, Nane Nane kitaifa mwaka ule ilikuwa Mbeya. Rais alikuwa anakuja. Kitu hicho kila Mtanzania mwenye redio alikijua, na kwenye ratiba nzuri ya kundi letu hakikuwemo. Kila nyumba ya wageni tuliyobisha hodi ilituangalia kwa huruma. Tulilala Uyole, sakafuni, kwa ndugu wa shangazi ambaye mimi sikujua kama yupo, baridi ikipanda kutoka kwenye saruji, na kila mtu akilifikiria lile godoro.

Kwenda Ngosi unapanda kwa miguu ndani ya msitu wa Uporoto, wenye migomba pori na tope linalovua viatu. Kingo za ziwa zinapita mita 2,000, na ziwa lenyewe limekaa chini ndani ya tundu la volkano. Kiongozi wetu, kijana mpole, alisimama juu kabisa, akanyoosha mkono kwenye ukungu mweupe usio na mwanzo wala mwisho.

"Ziwa ndilo hilo."

Tulisubiri. Ukungu nao ulisubiri. Mwishowe kijana akatoa simu akatuonyesha picha ya ziwa, la kijani, tulivu, lenye umbo la bara la Afrika kama anavyosema. Binamu akaipiga picha ile picha. Shangazi hakupanda. Tulimkuta chini akiwa ameshapatana bei ya viazi, gunia la lumbesa, na limeshapakiwa.

Shemeji ameamua kuliuza lile gari. Injini nzima, tairi mpya, halijawahi kupata ajali, viti vya nyuma ni vya zambarau. Bei ni maelewano, ila mnunuzi asiwe wa kanisani kwake.