Chumba cha Mama Kwanza

Jumamosi

Mwenye nyumba amekuja na mwanawe wa kiume. Wameketi barazani, wamekunywa chai, kisha Mzee akasema nyumba itabomolewa zijengwe fremu za maduka. Katupa miezi mitatu, na wa mwisho hatatutoza kodi. Ni muungwana. Baba Nasra kauliza kama tunaweza kuongezewa mwezi. Haiwezekani, fundi kashapokea malipo ya awali.

Mama alikuwa chumbani kwake anasikiliza. Walipoondoka akauliza swali moja: "Huko tuendako, choo kiko upande gani?"

Ana haki ya kuuliza. Presha ya macho imemwondolea uoni wa pembeni kwa macho yote mawili. Anaona kilicho mbele yake, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilicho ubavuni hakijui mpaka kimgonge. Daktari alishatueleza kwamba nuru iliyopotea kwa ugonjwa huu hairudi, na matone anayotiwa kila jioni kazi yake ni kulinda iliyobaki. Hapa Mwananyamala mgeni hawezi kugundua lolote, maana Mama anaijua nyumba kwa mikono na miguu. Anapika, anafagia, anaamka usiku kutawadha bila kumwamsha mtu. Tukihama, yeye ndiye atakayepoteza kuliko sisi sote. Nimemwambia Baba Nasra usiku huu kwamba nyumba tutaichagua kwa miguu ya Mama, mengine yatafuata. Kaitikia, halafu kauliza habari ya maegesho ya pikipiki.

Jumanne

Dalali katupeleka Tabata. Kwenye simu alisema nyumba haina ngazi. Ina ngazi tatu mlangoni, hazina pa kushika, na ya katikati ni fupi kuliko zenzake. "Hizo si ngazi, mama, ni vijukwaa tu." Hela ya kuonyeshwa nyumba hairudishwi.

Ijumaa

Nyumba nyingine, dalali mwingine. Choo kiko nje, nyuma ya banda la kuku. Hatukuingia ndani.

Jumapili

Kigamboni, upande wa Kibada. Vyumba vitatu, sebule, choo cha ndani, mlango wa mbele uko sawa na ardhi isipokuwa kizingiti kimoja. Nimekwenda na futikamba. Dalali ameshangaa naanza kupima korido badala ya kuangalia madirisha ya aluminiamu aliyokuwa akiyasifia. Kutoka mlango wa chumba cha nyuma mpaka choo ni hatua saba, mkono wa kulia, ukuta mmoja ulionyooka bila kona. Kwetu Mwananyamala ni hatua tisa, mkono wa kulia vilevile. Nimempigia Mama simu papo hapo nimweleze. Kanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hiyo."

Kodi ya miezi sita mbele, na ya mwezi mmoja kwa dalali. Baba Nasra ameandika hesabu nyuma ya bahasha mara mbili, na bahasha zote mbili zimesema jambo lilelile. Tutauza kabati la vyombo.

Alhamisi

Kabati halikuuzika. Mnunuzi alikuja, akalipenda, akalisukuma, mguu ukatoka. Nimekopa kwa shangazi.

Jumamosi

Kazi ya kufunga vyombo imeanza. Sahani tumezifunga kwa kanga kuukuu, glasi kwenye magazeti, nguo kwenye salfeti. Maboksi nimeyaomba dukani. Mengi yalikuwa ya sabuni na sasa vitabu vya watoto vinanukia sabuni.

Mpwa wangu aliyekuja kusaidia aliweka boksi la vitabu koridoni, kando ya ukuta, mahali ambapo kwa mtu anayeona si kizuizi. Mama alikuwa anakwenda choo. Goti limevimba, ngozi ya muundi imechubuka. Hakulia. Alisimama ameshika ukuta na uso wake ukawa wa mtu aliyeibiwa ndani kwake. Nimemkanda kwa maji ya moto na chumvi.

Tangu jioni hii kuna sheria: hakuna kitu koridoni, si boksi, si ndala, si ndoo, na mlango hauachwi nusu wazi. Ama ufunguliwe mpaka ukutani ama ufungwe. Ubao wa mlango uliosimama katikati ya njia ni hatari kwake kuliko ukuta, kwa sababu ukuta ulio mbele anauona na ubao hauoni. Vyombo vyote vilivyofungwa vinarundikwa sebuleni, hata kama tutakula tumesimama. Tunakula tumesimama.

Watu wengi wakipanga kuhama huanza na friji, kitanda kikubwa na sofa. Hivyo vina uzito, lakini havijui vimehamishwa. Mimi naona mpango uanze na yule ambaye nyumba imo mwilini mwake: mzee, mgonjwa, mtoto mchanga. Chumba chake kifungwe mwisho na kifunguliwe kwanza. Nimelibandika hilo ukutani kwa maka peni ili wasaidizi wote walisome.

Jumatatu

Uhamisho wa Nasra shuleni: barua imetoka, mhuri umekosekana. Nirudi kesho.

Jumanne

Mhuri upo. Mwenye kuugonga hayupo.

Jumatano

Mvua tangu alfajiri. Nimemchora Mama ramani ya chumba kipya kiganjani mwake kwa kidole: mlango hapa, kitanda hapa, dirisha hapa, swichi hapa. Karudia bila kukosea, akataka nimchoree na jikoni.

Ijumaa

Nimeandaa mfuko usiopanda gari. Ndani yake: dawa za Mama, kadi ya kliniki ya macho, vitambulisho, mkataba wa nyumba, chaja, tochi, bisibisi, spana ya kitanda, karanga. Chupa ya matone anayotumia sasa imeshafunguliwa, haina tatizo. Ile mpya ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye friji. Nimeitia kwenye chupa ya chai yenye barafu, na juu nimeandika DAWA, ISIMIMINWE.

Jumamosi, siku ya kuhama

Kirikuu kilipangwa kifike saa moja asubuhi. Kimefika saa nne. Dereva alikuwa na mzigo wa saruji. Vumbi la saruji bado limo garini. Kashuka, kampa Mama shikamoo, kaomba radhi kwake kabla ya kwangu. Mama kasema, "Marahaba, mwanangu. Pakia polepole."

Friji haikupita chini ya vyuma vya turubai ikiwa imesimama. Wameilaza. Fundi alishaniambia kwamba friji ikilazwa, mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba, kwa hiyo ikifika isimamishwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa, la sivyo kompresa inaweza kufa. Nimetazama saa na kuanza kuhesabu barafu iliyomo kwenye chupa ya chai.

Kinu hakikupata nafasi. Ni kinu cha mti mgumu alichopewa Mama na mama yake huko Rufiji, kizito kuliko Nasra. Dereva kasema gari limejaa, na kweli limejaa. Jirani yetu amekipokea uani kwake na kuapa kwamba mwanawe atakileta kwa pantoni. Mama kakishika mdomo kwa mikono miwili, kakiachia, kapanda bajaji.

Tumepita Daraja la Nyerere. Kabla halijafunguliwa mwaka 2016, mwenye mzigo wa kwenda Kigamboni alikuwa na njia mbili, kusubiri pantoni Magogoni au kuzunguka kwa Kongowe. Leo foleni ya malori ya bandari ilikuwa ndefu upande wa Kurasini, lakini ukishaingia darajani ni mita 680 za upepo. Mama kaniambia nimwambie tukifika katikati. Nimemwambia. Kasema maji ananusa.

Alitaka mswahafu na chetezo cha ubani vitangulie kuingia ndani kabla ya chombo chochote. Mswahafu ulikuwa mkononi mwake. Chetezo kilikuwa kwenye ndoo, ndoo chini ya godoro, godoro chini ya sofa. Makuli wamesubiri nje mpaka sofa likashushwa barabarani, chetezo kikapatikana, makaa yakaazimwa kwa mama anayechoma mihogo ng'ambo ya njia. Mmoja wa makuli kasema wanapoteza muda. Nimemwambia huu ndio muda wenyewe, na nimemwongezea elfu mbili.

Kisha kitanda cha Mama. Futi tatu na nusu kwa sita, kichwa ukutani, ubavu wa kulia mlangoni, umbali uleule nilioupima kule. Chaga moja imevunjika njiani. Baba Nasra kaifunga kwa kamba ya manila na kailalia yeye kwanza kuijaribu. Kizingitini nimebandika utepe mweupe mpana, maana sakafu ni nyeusi na jicho lake bado linatofautisha nyeupe na nyeusi pakiwa na mwanga.

Mwanga haukuwapo. Kifaa cha kuingizia namba za LUKU hakina betri. Nimetoa za saa ya ukutani. Nimelipa shilingi 15,000. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, kwa sasa 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na nyumba hii imekaa tupu miezi minane bila mtu kununua umeme. Imekatwa 12,000, tukapewa uniti za 3,000. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Nimempigia, kakubali tuikate kwenye kodi yetu ijayo. Nimemwomba aandike ujumbe. Kaandika. Namba ishirini zimeingia mara ya pili, taa ikawaka, na friji bado inasubiri mafuta yake yashuke.

Saa mbili usiku barafu imekwisha. Nimekwenda duka la kona nikiwa na kichupa mkononi. Mwenye duka hanijui, wala sikuwa na la kununua. Nimemweleza habari ya mama yangu. Kafungua friji la soda, kasogeza maziwa mtindi, kakiweka kichupa rafu ya juu, kakata kipande cha boksi na kuandika "Bibi mgeni, macho." Nimetamani kumlipa, akakataa.

Jumapili

Mama kaamka usiku kwenda choo. Kwa hatua saba alizozijua alifika sawasawa. Wakati wa kurudi kajigonga kwenye mlango wa chumba cha watoto, unaofungukia koridoni na ulikuwa nusu wazi, kwa sababu kitasa hakishiki. Uvimbe juu ya nyusi, si mkubwa. Nilikaa naye mpaka adhana.

Asubuhi nimemwita fundi seremala. Kauliza kama mlango umeharibika. Nimemwambia haujaharibika, nataka ufungukie ndani. Kasema ni kazi ya kubadilisha bawaba na kuhamisha kitasa, na kwamba mpangaji huwa hafanyi hivyo nyumba ya watu. Nimempa simu aongee na mwenye nyumba. Wameelewana kwa dakika moja. Atakuja kesho.

Jumatatu

Fundi hakuja. Nimeufunga mlango kwa kamba kutoka ndani, watoto wanapitia dirishani na wamefurahi.

Jumanne

Fundi kaja. Mlango unafungukia ndani, umepunguzwa chini kidogo kwa randa, haukwaruzi. Friji inapoza. Nimekwenda kuchukua kichupa, mwenye duka kauliza, "Bibi anaendeleaje?" Nimenunua mtindi.

Alhamisi

Mtoto wa jirani kaleta kinu. Kavuka nacho kwa pantoni, kakipandisha bodaboda kimefungwa kwa mipira, na dereva wa bodaboda kaomba apumzike uani kwetu kabla ya kurudi. Mama kakipapasa kote, kakuta mdomo haujapasuka, kataka mpunga papo hapo. Mpunga haukuwapo. Katwanga kisamvu cha jirani ambaye bado hatujalijua jina lake.

Jumamosi

Mama kaniita baada ya swala ya asubuhi. Kitanda, anasema, kigeuzwe. Kule Mwananyamala kilikaa hivyo kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kukiweka. Hapa dirisha linatoa mwanga wa mashariki, na akilala kichwa upande ule, akifumbua macho ataona kivuli cha mwembe na kujua kumekucha bila kuuliza. Nimemkumbusha habari ya hatua saba. Kasema atahesabu upya, miguu ni yake.

Tumekigeuza, mimi na Baba Nasra. Ile chaga ya kamba imeshika. Nimetembea naye kutoka kitandani mpaka choo na kurudi, mpaka akaniondoa mkono begani. Sasa ni hatua kumi, na swichi iko mbali na anapolala. Fundi umeme anakuja kesho saa tatu kuishusha karibu na mto.