Sifa za Must na Nduguze

Watu wamezoea kuvilaumu vitenzi visaidizi vya Kiingereza. Leo tuvisifu, maana vimewalisha walimu wengi wa tuisheni.

Wale waitwao modals wako tisa: can, could, may, might, shall, should, will, would na must. Kazi hawafanyi. Kulima, kufua na kupika huachiwa kitenzi kinachofuata; wao hukaa mbele kama bosi ambaye bila saini yake faili haliendi. Ile s ya nafsi ya tatu, ambayo kila kitenzi cha jasho hulazimika kuivaa, wao wamesamehewa. Must ana makubwa zaidi: ukimtaka aeleze ulazima wa jana hafiki, humtuma had to akamwakilishe.

Tena ana hila. You must go ni lazima uende. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza, aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili, huongeza not akidhani amepata "si lazima". Kumbe amepata marufuku. Ubao wa matangazo ukisema you must not enter, yeye anajiambia: basi nitaingia nikipata nafasi. Fimbo zitakazofuata ni sehemu ya mtaala.

Lakini sifa kubwa ni ya nyakati. Katika lugha zisizo na makuu, wakati uliopita ukishapita umepita. Kiingereza kimeupa ajira ya ziada. If I had money: had ni ya zamani, umaskini ni wa sasa hivi. Could you come tomorrow? Could alizaliwa kuwa wakati uliopita wa can, ila mwaliko ni wa kesho. It's time we went: kwa sarufi mmeshaondoka, kwa macho bado mmekaa mnamalizia chai. Mwingereza mwenye adabu hurudi nyuma kila anapotaka kitu. Anayetaka kukopa huanza na I was wondering, kana kwamba shida yake iliisha tangu juzi. Ustaarabu wa namna hiyo haununuliki.

Have naye asisahauliwe. Sisi tukisema mtoto amelala, tunanong'ona. Mwanafunzi akisema the baby has slept, mgeni wake Mwingereza anapaza sauti kwa furaha, maana ameelewa kwamba mtoto usingizi ameshaumaliza. Jana nayo imepigwa marufuku hapo: I have seen him yesterday ni kosa, ingawa aliyeonwa mwenyewe hajalalamika.

Mwaka 1653 John Wallis, profesa wa hisabati wa Oxford, alichapisha sarufi ya Kiingereza aliyoiandika kwa Kilatini, akaelekeza hivi: ukitabiri, sema I shall lakini he will, ukiahidi au ukitishia, geuza. Hesabu kama hiyo ilimhitaji mwanahisabati. Waingereza wengi leo husema will kwa yote mawili, shall wamewaachia wanasheria.

Na wanasheria wamemtunza. Hapa Tanzania, Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inaeleza kwamba may ni hiari na shall ni lazima. Kwa hiyo, msomaji, ukiletewa mkataba wa Kiingereza, ruka mapambo ya ukurasa wa kwanza. Kabla ya kusaini, tazama ni wapi umeandikiwa shall, na ni wapi mwenzako amejiandikia may.