Namna ya Kuonyesha Usawa wa Jinsia Kwenye Utafiti Bila Kuusumbukia

Ndugu mtafiti mkuu, fedha za umma zimeingia, basi limekushusha stendi ya Bunda, na andiko lako limeahidi kwamba wanawake "watashirikishwa kikamilifu". Usihofu. Ukifuata maelekezo haya, ripoti itapita na hakuna mwanamke atakayekuvurugia ratiba.

Kwenye timu awepo mmoja. Mpe kuandika mihtasari, kusainisha posho na kufuatilia chai. Kwenye picha akae mbele. Kwenye chapisho, jina lake liwe la mwisho. Akitaka kuongoza, mwambie wanawake wenye sifa hawapatikani, ila sema kwa sauti ya chini. Wapo watakaomkumbuka Dkt. Mwele Malecela, aliyeongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) tangu 2010 hadi 2016, kisha akaenda Shirika la Afya Duniani (WHO) kusimamia vita dhidi ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Au watamtaja Profesa Hulda Swai wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, na utafiti wake wa dawa za nanoteknolojia. Jibu kwamba hao ni wachache, na ubadilishe mada kabla hujaulizwa sababu.

Sasa twende mwaloni, Musoma, maana hapa wengi hukosea. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Alfajiri mitumbwi inatia nanga na wavuvi wanakwenda kulala. Kazi inahamia kwa akina mama: kununua kwa ndoo, kuanika mchangani au kwenye chanja, kugeuza, huku jicho moja likichunga wingu. Mvua ikiwahi, dagaa wa kuliwa na watu wanageuka chakula cha kuku, na bei inaporomoka hapo hapo. Kwa hiyo kikao chako kiite saa nne asubuhi, ukumbi wa halmashauri, jua likiwa limeshika kazi. Hawatakuja. Andika: "Mwitikio wa wanawake ulikuwa hafifu." Kisha muulize mwenye mtumbwi dagaa huharibikaje baada ya kuvuliwa. Atakueleza habari za nyavu.

Akitokea mama mmoja na mtoto mgongoni, bajeti isiwe na senti ya mlezi; ya fulana za mradi itoshe. Na usithubutu kuja wakati wa mbalamwezi. Wavuvi wanapumzika, akina mama wanapata nafasi ya kuzungumza, na wanaweza kukuambia jambo litakalokulazimu kuandika upya dodoso zima.

Kwenye pamba ya Bunda, mwite mwenye kadi ya chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), aliyepalilia mwache shambani.

Butiama kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere, kwa hiyo hotuba ni lazima. Subiri Februari 11, siku ya wanawake na wasichana katika sayansi iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Kusanya wasichana wa sekondari, wavalishe makoti meupe, piga picha. Februari 12 funga maabara, ufunguo utie mfukoni.

Onyo moja tu: mwongozo huu usifike mikononi mwa anayeidhinisha fedha. Na wewe mwidhinishaji, kama umeshaufikia, anza na orodha ya malipo: nani analipwa kwa kuongoza, nani kwa kugawa dodoso. Ukurasa wa jinsia usome baadaye.